UZI: Una volti na ampea? Tupia hapa tupate omu na wati (hita, friza, pampu, waya feki)

#1 Fundi_Chuno (Mtwara Mjini)

Wakuu, habari za huko.

Jukwaa la ufundi limejaa maswali ya sura moja: "hita haichemshi", "friza inakula uniti", "pampu inavuma tu haizunguki". Majibu yanakuwa ya kubahatisha kwa sababu muulizaji haleti vipimo. Uzi huu ni wa vipimo. Ukileta volti na ampea, tunakupa omu na wati, na mara nyingi tatizo linajitaja lenyewe.

Hesabu zote ni hizi:

Omu (kipimo cha ukinzani) = volti ÷ ampea
Wati = volti × ampea
Wati = ampea × ampea × omu
Wati = volti × volti ÷ omu

Mbili za mwisho si kanuni mpya. Ni ile ya pili imechomekewa ya kwanza ndani yake. Ya tatu itumie ukitafuta joto linalopotea kwenye waya na maungio, ya nne ukitaka kujua kifaa cha kupasha joto kitatoa nini umeme ukishuka. Kwa wanaopenda historia, ya kwanza ni ya Georg Ohm, Mjerumani, 1827. Ya joto ni ya Joule, 1841.

Kazi iko kwenye kupima, na hapo ndipo wengi wanaungua au wanaunguza mita:

Volti pima kwenye kifaa kikiwa kinafanya kazi. Soketi isiyobeba kitu inaweza kusoma 230 hata kama nyuma yake kuna ungio lililooza. Mzigo ukiingia ndiyo volti zinaanguka.

Ampea pima kwa klampu (mita yenye mdomo wa kubana waya), na klampu ishike waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima yenye laini na nyutro pamoja itasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Tengeneza kipande cha ekstensheni kilichochunwa ganda la nje, nyaya za ndani zikiwa bado na ganda lake, uwe unachomeka kati. Kama mkondo ni mdogo, zungusha waya mara 10 kwenye mdomo wa klampu kisha gawa kwa 10.

Maltimita yenye tundu la 10A usiichomeke kwenye soketi ikiwa kwenye ampea. Kwenye ampea mita ni kama waya mtupu, hiyo ni shoti ya moja kwa moja. Mita ya bei ndogo haina fyuzi ya maana ndani, inapasukia mkononi.

Omu pima kifaa kikiwa kimechomolewa. Na kabla ya yote gusanisha ncha mbili za mita usome inatoa ngapi. Nyingi zinasoma 0.3 hadi 0.5. Hiyo itoe kwenye jibu.

Haya, leteni.

#2 Kijana_wa_Ligula

Fundi, nianze mimi. Hita ya kuchemshia maji, imeandikwa 230V 1500W. Nimepima: volti 204, ampea 5.8. Nikizidisha napata wati 1183. Nimeuziwa feki?

#3 Fundi_Chuno

Hapana, hita ni nzima. Usilinganishe wati na kibandiko kabla ya kutafuta omu:

204 ÷ 5.8 = omu 35.2

Sasa ipe volti 230 kwenye karatasi: 230 × 230 ÷ 35.2 = wati 1503. Kibandiko kimesema kweli. Tatizo ni volti zako. Umeshuka kwa asilimia 11 tu lakini nguvu imeshuka kwa asilimia 21, kwa sababu volti zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe.

Kabla ya kusema umeme wa mtaa ni mdogo, pima volti kwenye meinswichi hita ikiwa imewaka. Ukikuta 205, hilo linatoka nje ya nyumba. Ukikuta 228 wakati soketi inasoma 204, volti 24 zinapotelea ndani ya kuta zako. 24 × 5.8 ni wati 139 zinazopasha waya au ungio. Hapo usilale, tafuta leo.

#4 Mwalimu_Fizikia_Newala

Niongeze hapo kwenye uniti, maana kuna imani kwamba umeme ukiwa mdogo LUKU inapumua. Kwa hita si hivyo. Lita moja na nusu kutoka nyuzijoto 28 hadi 100 inahitaji 4186 × 1.5 × 72, yaani jouli 452,000 hivi. Kwa wati 1500 ni sekunde 301. Kwa wati 1183 ni sekunde 382. Uniti ni zile zile, 0.126, ila unasubiri zaidi, na kwa kuwa chombo kinapoteza joto muda wote huo, umeme mdogo unakula kidogo zaidi.

#5 Bwana_Koili

Swali la mtaani: jiko la umeme la wati 1000 koili imekatika. Fundi anavuta, anasokota pale ilipokatika, anarudisha. Jiko linawaka jekundu kuliko zamani na wateja wanafurahi. Kuna ubaya?

#6 Fundi_Chuno

Upo, tena wa hesabu nyepesi. Jiko la wati 1000 kwa 230 lina omu 52.9. Ukipoteza sehemu moja ya kumi ya koili inabaki 47.6, nguvu inapanda hadi wati 1111. Hiyo inavumilika. Ikikatika tena na tena hadi robo yote imeondoka, zinabaki omu 39.7, hapo ni wati 1333 na ampea 5.8. Wati zimeongezeka kwa theluthi, na zinatolewa na waya mfupi kuliko ule wa mwanzo. Kila sentimita inabeba karibu mara 1.8 ya joto iliyopangiwa. Wekundu unaofurahiwa ndio unaoila nikromu (waya wa koili).

La pili ni ungio lenyewe. Kusokota nikromu kwa nikromu kunaacha mguso mdogo wenye ukinzani wake, pale panakuwa na doa linalowaka kuliko pengine na ndipo patakatika tena. Risasi ya kuunganishia haifai, inayeyuka. Kama lazima kuunga, bana kwa skrubu na nati ya chuma kwenye ncha, nje ya mfereji wa udongo, si katikati. Koili mpya ni nafuu. Pima omu dukani kabla hujalipa: 52 hadi 54 kwa wati 1000, 26 hadi 27 kwa wati 2000.

#7 Kijana_wa_Ligula

Mbona balbu ya zamani ya wati 100 nimeipima ikiwa imezimwa inasoma omu 38? 230 × 230 ÷ 38 = wati 1392!

#8 Mwalimu_Fizikia_Newala

Umepima uzi wa tungsteni ukiwa baridi. Ukiwaka unafika nyuzijoto zaidi ya 2000 na ukinzani unapanda mara 13, 14 hivi. Ya kweli ni 529, na njia pekee ya kuipata ni volti na ampea ikiwa inawaka. Ndiyo sababu balbu hizo hukatika pale unapobonyeza swichi, mkondo wa kuanzia ni mkubwa kupita kiasi.

Nikromu ya hita na pasi hubadilika asilimia chache tu, kwa hiyo hizo unaweza kuzipima baridi. Shaba iko katikati: inapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, waya ulio kwenye 60 una ukinzani asilimia 16 zaidi ya ule wa kwenye 20. Chini ya bati la Mtwara mwezi wa kumi na moja hilo si jambo dogo.

#9 Mama_Barafu_Mikindani

Jamani naomba kusaidiwa. Friza ya kulala, naweka barafu na samaki. Volti 221, ampea 1.5. Hivyo ni wati 331? Na fundi mmoja kapima kompresa kapata omu 12, akasema 221 gawa 12 ni ampea 18, eti ina shoti.

#10 Fundi_Chuno

Dada, usibadilishe kompresa. Omu 12 za koili ya mota si ukinzani wake wote ikiwa inazunguka. Umeme wa mkondo geu kwenye koili yenye chuma unazuiwa na usumaku pia, siyo waya peke yake. Maltimita inatumia betri, haioni usumaku. Kanuni ya volti gawa omu inakwenda sawa kwa hita, pasi na jiko. Kwa mota haifai namna hiyo.

Ukipima kompresa, pini ni tatu. Pima jozi zote. Masomo mawili madogo yakijumlishwa yanatakiwa kutoa la tatu, mfano 12, 19, 31. Kisha kila pini na bodi (ganda la chuma la kompresa): isisome kitu kabisa. Hapo ndipo shoti inapojulikana.

Kuhusu wati: 331 ni volti-ampea, wati halisi ni chini ya hapo kwa sababu mkondo wa mota unachelewa nyuma ya volti. Njia ya kupata wati halisi bila kununua kifaa ni LUKU yako. Zima kila kitu kingine. Tazama mita imeandikwa ngapi "imp/kWh". Kama ni 1000, kila mwako wa taa nyekundu ni wati-saa moja. Hesabu miako 10 kwa saa ya simu, kompresa ikiwa inazunguka, uandike sekunde.

#11 Mama_Barafu_Mikindani

Imeandikwa 1000. Miako 10 imechukua sekunde 178.

#12 Fundi_Chuno

36,000 ÷ 178 = wati 202. Gawa kwa 331 unapata 0.61, hiyo ndiyo pawa fakta ya kompresa yako, ya kawaida kabisa kwa friza ndogo. LUKU ya nyumbani inakutoza zile 202.

(Kwa wengine: mita yako ikiwa na imp tofauti, zidisha miako uliyohesabu kwa 3,600,000, gawa kwa imp, gawa tena kwa sekunde.)

Kompresa ikizunguka asilimia 60 ya siku ni 202 × 24 × 0.6, uniti 2.9. Ukiweka maji ya moto wa jua mchana itazunguka bila kupumzika na uniti zitafika 4.8. Weka usiku.

#13 Mama_Barafu_Mikindani

Ahsante sana. Kuna kingine. Friza na hita viko kwenye ekstensheni moja ya mita 5, plagi yake inachemka mpaka huwezi kuishika. Ukutani inasoma 221, mwisho wa ekstensheni 214, vyote vikiwa vimewaka. Ampea 9.

#14 Waya_Mwekundu (Lindi)

Hii acha niichukue, ni ugonjwa wetu wa pwani.

Volti 7 zimepotea kwa ampea 9: omu 0.78. Ekstensheni ya mita 5 kama ni shaba ya 1.5 (unene, milimita za mraba) inatakiwa kuwa na omu ngapi? Shaba 1.5 ni omu 12.1 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 10, yaani omu 0.12, volti 1.1 tu. Zilizobaki, volti 5.9, zinaangukia kwenye maungio: pini za plagi, skrubu za ndani, midomo ya soketi. 5.9 × 9 = wati 53. Hiyo ni chuma cha kuunganishia redio umekifungia ndani ya kipande cha plastiki. Ndiyo maana hushikiki.

Ujue ni wapi hasa: chukua mita kwenye volti, ncha moja kwenye pini ya laini upande wa ukuta, nyingine kwenye laini upande wa mwisho, mzigo ukiwa umewaka. Usipime laini na nyutro, pima laini na laini. Ungio zuri linasoma chini ya volti 0.1 kwa ampea 9. Likisoma volti 3 umelipata. Mkono mmoja uwe mfukoni, viatu miguuni, na kama huna ncha ndefu zenye ganda mwite fundi mwenye leseni.

Ukifungua utakuta nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi au za kijani na skrubu imelegea. Hewa ya chumvi ya Mikindani inaingia, shaba inashika kutu, mguso unapungua, joto linapanda, joto linalegeza skrubu, mguso unapungua tena. Kukaza tu hakusaidii. Kata waya nyuma mpaka uone shaba nyekundu inayong'aa, sentimita 3 hivi, chuna upya, kunja ncha iwe mara mbili, kaza. Soketi iliyogeuka rangi ya kahawia tupa, chuma chake kimeshapoteza mbano. Na hita iondoke kwenye ekstensheni hiyo.

Ukipima kwa omu huoni kitu. Ungio lenye omu 0.3 na mita yenye ncha za omu 0.4, utatofautisha nini? Volti ikiwa na mzigo ndiyo inayosema.

#15 Shamba_Naliendele

Wakuu, pampu ya kisima. Kibao: 0.75 kW, 230V, 5.8A. Kutoka mita hadi kisimani ni mita 90, nimetumia 1.5. Mchana mara nyingine inawaka, usiku inavuma tu breka inashuka. Nimeshabadilisha kapasita.

#16 Waya_Mwekundu

Mita 90 na 1.5, pole. Kwenda na kurudi ni 180, omu 2.18.

Ikiwa inazunguka: 5.8 × 2.18 = volti 12.6 zinapotea, asilimia 5.5. Mafundi tunajiwekea ukomo wa 5, na 3 kwa taa. Umeuvuka kidogo, bado ingezunguka.

Kinachokuua ni kuanza. Mota ya aina hiyo inavuta kama mara 6 wakati wa kuanza, tuseme ampea 35. Maana yake wakati imesimama inaonekana kama omu 6.57 (230 gawa 35). Jumlisha waya 2.18, jumla 8.75. Umeme wa 230 unasukuma ampea 26.3, na pampu inapata volti 173 badala ya 230. Nguvu ya kusokota inafuata volti zikizidishwa zenyewe: asilimia 57 tu. Usiku umeme ukishuka hadi 205, pampu inapata 154, nguvu asilimia 45. Haizunguki, inabaki kuvuta ampea 23 mpaka breka inachoka. Breka ikichelewa, koili inaungua.

Ukiweka 4 (omu 4.61 kwa kilomita) waya unakuwa 0.83, pampu inaanza na volti 204, nguvu asilimia 79. Hapo itazunguka.

(Nimejumlisha omu moja kwa moja bila pembe ya usumaku, hali halisi ni nzuri kidogo kuliko hapo. Kwa kuchagua waya inatosha.)

#17 Mota_Si_Hita

Na kabla hujachimba mtaro wa waya mpya, leta pampu karibu na mita au iunge kwa waya mfupi mnene, iwashe kwenye ndoo kubwa ya maji kwa sekunde chache. Ikizunguka vizuri, mkosaji ni waya. Ikiendelea kuvuma, ni mchanga kwenye mapanga, beringi, au hiyo kapasita "mpya" haina thamani iliyoandikwa.

#18 Kijana_wa_Ligula

Swali: kwa kanuni, volti zikishuka ampea si zinashuka? Mbona pampu breka ndiyo inashuka umeme ukiwa mdogo?

#19 Mota_Si_Hita

Zinashuka kwa hita. Mota inayozunguka ikiwa na mzigo inatakiwa itoe kazi ile ile, volti zikishuka inapunguza mwendo kidogo na kuvuta ampea zaidi. Mota iliyokwama ndiyo inarudi kuwa kama hita, ila ni hita isiyo na haki ya kuwepo pale.

#20 Shamba_Naliendele

Nimeelewa. Dukani kuna 4 za bei mbili, moja rahisi karibu nusu. Nitajuaje kama ni shaba kweli?

#21 Waya_Mwekundu

Kwanza kwangua kwa kisu. Ndani ikiwa nyeupe ni alumini iliyopakwa shaba, iache. Lakini ipo shaba halisi iliyovutwa nyembamba, hiyo kisu hakiioni. Pima roli zima kwa volti na ampea:

Betri ya volti 12, balbu ya indiketa ya gari ya wati 21, roli la mita 100, vyote vifuatane kwenye mzunguko mmoja. Betri chanya, balbu, mwanzo wa waya, mwisho wa waya, betri hasi. Pima ampea zinazopita. Kisha pima volti kati ya mwanzo na mwisho wa waya peke yake, ncha za mita ziguse shaba ya roli yenyewe, siyo klipu za betri. Gawa.

Mfano wa 1.5: ampea 1.58, volti 1.91, omu 1.21. Safi kabisa. Roli lingine: ampea 1.46, volti 2.92, omu 2.0. Hilo limeandikwa 1.5 lakini linafanya kazi ya waya wa 0.9. Au ni alumini, au ni wembamba, au mita 100 si 100 (hiyo ingekuwa kwa faida yako, kwa hiyo haiwezekani).

Kwa mita 100 tarajia: 1.5 ni 1.21, 2.5 ni 0.74, 4 ni 0.46, 6 ni 0.31. Ikizidi kwa asilimia 10, rudisha. Hapa upinzani wa ncha za mita hauharibu hesabu, kwa sababu volti inapimwa na jozi yake na mkondo unapita njia yake.

Muuza duka akikataa usipime, umeshapata jibu.

#22 Kikundi_cha_Korosho_Newala

Habari. Tuna oveni ya kukaushia korosho zilizobanguliwa, koili tatu za 230V 2000W, fezi tatu. Kawaida inafika joto kwa dakika 40. Sasa inachukua zaidi ya saa moja na nusu. Klampu: fezi ya kwanza 7.6, ya pili 7.5, ya tatu 0. Fundi anataka kubadilisha koili zote tatu.

#23 Fundi_Chuno

Msibadilishe tatu. Vipimo vyenu vimesema kila kitu.

Koili ya wati 2000 ina omu 26.45. Zikiwa zimefungwa nyota (ncha moja ya kila koili zimekutana katikati), kila moja inapata 230, kila fezi ampea 8.7, jumla wati 6000. Koili moja ikikatika na katikati ya nyota kuna nyutro, mbili zinabaki na 8.7 kila moja, wati 4000. Lakini nyie mnasoma 7.5. Hiyo ni 400 gawa 52.9, yaani koili mbili zimefuatana kati ya fezi mbili bila nyutro. Kila moja inapata volti 200, wati 1512, jumla wati 3000 na kidogo. Nusu kamili ya oveni, na ndiyo maana muda umezidi mara mbili.

Kwa hiyo mambo mawili: njia ya fezi ya tatu imekatika mahali (koili, fyuzi au waya wake), na nyutro ya katikati ama haipo ama imekatika. Zimeni, pimeni omu za koili ya tatu. Ikisoma 26 au 27 ni nzima, rudini kwenye fyuzi na kontakta (swichi ya sumaku).

Na angalizo kubwa. Ukifika kurudisha nyaya usikubali mtu azifunge delta (kila koili kati ya fezi mbili) "ili ziwake vizuri". Delta inampa kila koili volti 400: 400 × 400 ÷ 26.45 = wati 6049 kwa koili ya 2000. Jumla wati 18,000, ampea 26 kila fezi. Zitawaka nyeupe, korosho zitaungua upande, na koili hazifiki jioni. Koili za delta zinaandikwa 400V kwenye kibao. Zenu ni 230.

#24 Kikundi_cha_Korosho_Newala

Koili ya tatu imesoma 26.6. Fyuzi ya fezi hiyo haipitishi.

#25 Fundi_Chuno

Wekeni fyuzi ya ampea zile zile zilizoandikwa kwenye kishikio, msiviringe waya. Kisha klampu tena: mnatakiwa kuona 8.7 zote tatu, tofauti isizidi 0.3 hivi kama volti ni 230. Ikiungua tena ndani ya dakika chache, pimeni kila koili na bodi ya oveni. Unyevu wa korosho huingia kwenye udongo mweupe wa ndani ya koili.

#26 Nahodha_Kivinje

Mafundi, taa za dagaa za usiku. LED nne za wati 30, volti 12, betri N70 (ampea-saa 70) moja, waya wa 1.5 mita 6 hadi kwenye taa. Zinafifia baada ya muda na waya unapata moto. Na fyuzi niweke ya ngapi?

#27 Mota_Si_Hita

Nahodha, wati 120. Betri ikiwa 12.6 ni ampea 9.5. Ikishuka hadi 11.2 ni ampea 10.7, kwa sababu taa zenye draiva (saketi ya kudhibiti umeme wa LED) ndani zinajaribu kubaki na wati zile zile na zinavuta mkondo zaidi betri inapochoka. Ni kinyume cha balbu za zamani.

Waya: kwenda na kurudi mita 12, omu 0.145. Kwa ampea 10 unapoteza volti 1.45, wati 14.5 zinapasha waya. Kwenye 230 volti moja na nusu si kitu. Kwenye 12 ni asilimia 12, taa inabaki na 10 na kidogo, draiva inakata. Weka 4: omu 0.055, upotevu volti 0.55. Au kila taa na waya wake, inaleta matokeo karibu hayo hayo na taa moja ikifa tatu zinabaki.

Muda: betri ya 70 tumia nusu, ampea-saa 35, gawa kwa 10.2, saa tatu na nusu hivi. Ukiifuta hadi chini kila usiku haimalizi mwaka.

Fyuzi 15, kwenye nguzo chanya ya betri, isizidi shibiri moja kutoka betri. Bila fyuzi, waya wako wa 1.5 ukigusana huko mbele unapitisha zaidi ya ampea 80, karibu kilowati nzima ndani ya waya, kwenye chombo cha mbao chenye petroli. Kishikio cha fyuzi kiwe cha kufunga na mpira, paka grisi kwenye nguzo za betri baada ya kukaza, siyo kabla.

#28 Nahodha_Kivinje

Grisi yoyote?

#29 Mota_Si_Hita

Hata ya beringi inafaa. Kazi yake ni kuzuia maji ya chumvi, haipitishi umeme. Ndiyo maana shaba na nguzo zigusane kwanza, zikazwe, halafu upake juu.